Nani Anakunywa Maji ya Bibi Mwajabu?

Tega sikio, mtoto. Shiii... shiii... Umesikia? Usimwambie mtu bado. Hata Bibi Mwajabu alikuwa hajasikia.

Shamsa ana miaka sita. Anakaa na bibi yake, Bibi Mwajabu, mjini Muheza. Uani kwao kuna bomba moja, na bomba hilo lina marafiki wengi.

Kila adhuhuri watoto wa madrasa hupita pale. "Shikamoo, Bibi!" huamkia wote pamoja.

"Marahaba, wanangu. Kunyweni!" Nao hunywa. Glu, glu, glu.

Shamsa yeye hukimbilia mita. Hufunua kifuniko, huchungulia. Ndani ya kioo mna kigurudumu chekundu, kidogo kama punje ya mtama. Maji yakipita, kigurudumu huzunguka.

*Zunguka, zunguka, kigurudumu!*
*Nani anakunywa maji?*

"Kombo anakunywa!" husema Shamsa. "Sasa Tatu!" Kigurudumu hakioni, lakini kinajua. Shamsa hushangaa kila siku, wala hachoki kushangaa.

Siku moja alikuja msoma mita. Alikuwa hajapita tangu mvua zilipokoma. Akasoma, akaandika, akampa Bibi bili ya maji.

Bibi akaitazama. Akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akatazama tena. "Yarabi! Maji yote haya nimekunywa mimi? Kwani mimi tembo?"

Shamsa alitaka kucheka. Lakini machozi yalikuwa yanamlenga Bibi, na kicheko kikaisha chenyewe.

"Ni watoto hawa," akasema Bibi. "Wanakunywa, wanamwaga, wanarushiana. Basi! Nalifunga bomba." Akaleta kufuli kubwa. Ka-cha!

Adhuhuri watoto wakaja. "Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba," akasema Bibi kwa sauti ndogo. Hakusema kunyweni.

Tatu akaligusa kufuli. Akameza mate, akaenda zake pole pole, juani. Shamsa akaona uchungu sana.

Akaenda kwenye mita yake. Akafunua kifuniko. Macho yakamtoka!

*Zunguka, zunguka, kigurudumu!*
*Nani anakunywa maji?*

Kombo hayupo. Tatu hayupo. Bomba lina kufuli. "Bibi! Njoo uone! Kuna mtu anakunywa!"

Bibi akainama. Akatazama kigurudumu. Akatazama kufuli. Akatazama kigurudumu tena. "Subhanallah," akanong'ona.

Shamsa akalala kifudifudi, akaweka sikio kwenye udongo. Udongo ulikuwa wa moto. Na ndani yake, chini kabisa, kulikuwa na sauti.

*Shiii... shiii...*

"Bibi," akasema Shamsa taratibu, "ardhi inapumua."

Akatambaa. Sikio chini: shiii. Mbele kidogo: shiiiii! Sauti ikampeleka mpaka nyuma ya jiko.

Nyuma ya jiko haendi mtu. Bibi husema kuna siafu. Lakini leo Bibi alichukua fimbo, akapandisha kanga, akatangulia.

"Lo!" akasema Bibi.

Ua wote ulikuwa mkavu, rangi ya biskuti. Lakini hapa palikuwa kijani! Majani mapana kama sahani yalitambaa chini, yakapanda ukutani, yakachungulia dirisha la jiko. Chura akaruka kidimbwini, chubwi! Shamsa akabaki mdomo wazi.

Akafunua jani moja. Akafunua la pili. Chini ya jani la tatu kulikuwa na boga. Shamsa akalikumbatia, na mikono yake haikukutana.

"Mbegu nilizitupa hapa mwenyewe," akasema Bibi. Akalinyooshea boga kidole. "Kumbe unayekunywa maji yangu ni wewe!" Akacheka mpaka miwani ikaanguka.

Bibi akamwita Fundi Mhina wa mabomba, akaja na jembe. Akachimba, chap, chap, chap. Chini kulikuwa na bomba lenye ufa mwembamba kama uzi.

"Ni huo tu?" akauliza Shamsa.

"Ni huo tu," akasema fundi. "Lakini ulikuwa unavuja mchana na usiku. Haulali, haupumziki." Akakata, akaunga, akakaza.

Shamsa akakimbilia mita. Kigurudumu kilikuwa kimesimama. Tuli! "Bibi, sasa hakuna anayekunywa!"

Bibi akaenda ofisi ya maji kueleza. Wakamkubalia alipe kidogo kidogo. Aliporudi, alimpa Shamsa ufunguo. Ka-cha! Kufuli likafunguka.

Adhuhuri watoto wakaja, wakamkuta Bibi amesimama bombani.

"Wanangu," akasema, "niliwasingizia. Nisameheni."

Watoto wakatazamana. Bibi mzima, anawaomba radhi wao! Tatu akamshika Bibi mkono. "Tumekusamehe, Bibi. Tunaweza kunywa?"

"Kunyweni, tena mle!" Bibi akafunua sufuria. Mlikuwa na boga lililopikwa kwa tui la nazi, linafuka moshi. "Hakuna boga la bei kubwa kama hili Muheza nzima. Asibakize mtu!"

Wakala, wakanywa. Glu, glu, glu. Na Shamsa, kijiko mkononi, akachungulia mita.

*Zunguka, zunguka, kigurudumu!*
*Nani anakunywa maji?*

"Sisi sote!"

Jioni, kabla ya kulala, Shamsa aliweka sikio chini mara moja tu. Tega na wewe, mtoto. Unasikia nini?

Hakuna shiii. Ardhi imenyamaza, na kigurudumu kimelala. Lala na wewe.