Mtoto wa Mak Saodah

Nguo za Idi zilikuwa nne, na watu wa kuzivaa walikuwa watatu.

Mak Saodah, yaani Mama Saodah, alizitandaza juu ya mkeka, zote za kitambaa kimoja cha zambarau, maana katika nyumba ile sikukuu ikifika wote huvaa rangi moja. Kulikuwa na gauni lake mwenyewe, kanzu fupi na suruali ya mwanawe Zahrin, na gauni la mkwewe Suhaila lililoongezwa nafasi ya tumbo. Pembeni palikuwa na shati dogo la kumtosha mtoto wa miaka mitatu.

Suhaila aliliokota akicheka. "Mak, mbona haraka hivi? Mjukuu wako bado miezi miwili azaliwe, na hata akizaliwa hili litamsubiri sana."

Mama mkwe wake alilitoa mkononi mwake taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. "Hili si lake," alisema. Akalikunja, akaingia nalo jikoni.

Suhaila alibaki mkono hewani. Ile ilikuwa Idi yake ya kwanza ukweni. Yeye na Zahrin walikubaliana tangu ndoa: mwaka mmoja kwao mume, mwaka mmoja kwao mke. Njiani kote kutoka Kuala Lumpur walikuwa wakipanga desturi watakazomlea nazo mtoto wao. Zahrin alitaka vibatari vingi njiani, kama alivyokuwa akivitamani utotoni. Suhaila, aliyezaliwa katika nyumba ya watoto tisa kule Melaka, alitaka kelele tu, watu wagombanie nyama na kusukumana mlangoni. Lakini nyumba hii ya mbao, iliyosimama juu ya nguzo zake kando ya mto Perak, ilikuwa kimya mno. Mak Saodah alikuwa mjane, na Zahrin ndiye mwanawe pekee. Ndivyo Suhaila alivyoambiwa.

Alasiri walikaa jikoni kusuka kwa makuti mabichi vifuko vya ketupat, wali wa sikukuu unaochemshwa ndani ya majani. Suhaila alisuka haraka, mkono wa mtu aliyefunzwa na shangazi wakali. Alipogeuka kuchukua makuti mengine, akarudi, akakuta vifuko vyake vitatu vimefumuliwa, majani yamekatwakatwa vipande. Vya mkwewe vilikuwa salama.

"Mak, nani amefanya hivi?"

"Paka."

"Sijaona paka tangu tufike."

"Basi suka vingine, mwanangu. Usiviweke mbali nawe." Mak Saodah hakuinua macho.

Hapo ndipo Suhaila alipoisikia ile harufu ya maziwa yaliyoganda na kuchacha, kama kifua cha mtoto aliyecheua asifutwe. Ilipita karibu yake, ikazunguka, ikakaa upande wa mkwewe. Na Mak Saodah, bila kuacha kusuka, akasogeza goti kidogo, vile mama anavyosogea kumpa mtoto nafasi aegemee.

Mtoto tumboni, aliyekuwa akicheza tangu asubuhi, alitulia tuli.

Alipokwenda kuoga kabla ya kufuturu, Suhaila aliona alama ubavuni mwa tumbo lake. Ilikuwa nusu duara, nyekundu, ya vijino vidogo vilivyopangana vizuri. Alivaa haraka, akaenda chumbani, akafunga mlango, akamwonyesha mumewe. Alitegemea Zahrin aseme ni mdudu. Zahrin alipandisha fulana yake akageuka, na pale mbavuni, mahali ambapo mkewe alikuwa ameona makovu mara nyingi akiambiwa ni ya tetekuwanga, Suhaila aliona sasa kwamba kila kovu lilikuwa nusu duara.

"Abang," alimnong'oneza mumewe, "nini hii?"

"Sema polepole." Zahrin aliketi kitandani. "Nilipokuwa mdogo, kila Mak aliponipakata niliumwa. Nikilia ananiweka chini, maumivu yanaisha. Usiku nilimsikia akimbembeleza mtoto. Si mimi. Mimi nilikuwa chumba hiki, nimelala peke yangu, nasikiliza nyimbo ambazo sikuwahi kuimbiwa. Nikamuuliza, Mak, yule ni nani? Alinipiga kofi. Mwaka uliofuata nikapelekwa shule ya bweni. Nilikuwa na miaka saba, Suhaila. Watoto wenzangu walilia kwa kukumbuka mama zao. Mimi nililia kwa wivu, maana nilijua mama yangu amebaki na nani."

"Ukajua yote hayo, ukanileta hapa na tumbo hili?"

"Nilijiambia niliota. Mtu akiishi mjini miaka mingi, huanza kuyaona mambo ya kwao kama uongo wake mwenyewe." Alimshika mkono. "Kesho tukitoka kwenye swala, tunaondoka. Nikimwacha leo, mkesha wa Idi, atajua nimekuja kumtupa."

Suhaila alitaka kusema waondoke saa ile ile. Lakini aliuona uso wa mumewe, mtu mzima mwenye ndevu, ukiwa bado unangoja mlangoni kuitwa ndani. Wakabaki.

Magharibi ilipoingia, Zahrin alivipanga vibatari kandokando ya njia, kutoka barabarani hadi kwenye ngazi, akaviwasha vyote, kisha akashuka mtoni kuoga. Suhaila alisimama dirishani akivitazama. Hapakuwa na upepo. Majani ya mnazi yalikuwa yamelala. Kibatari cha mwisho kabisa, kule barabarani, kilizimika. Kisha cha pili yake kikazimika, na cha tatu, taratibu, kimoja baada ya kingine, kama mtu mfupi anayetembea akiinama na kupuliza, anasogea, anainama tena, na kila moto ulipokufa Suhaila alisikia mpulizo wenyewe, pumzi fupi yenye mate ya mtoto anayezima mshumaa, mpaka giza likafika kwenye ngazi, likapanda, na mbao za sebuleni zikaanza kulia chini ya nyayo ndogo zilizokuja mbio moja kwa moja hadi mlango wa chumba alichosimama, zikakoma pale, na harufu ya maziwa machachu ikapenya chini ya mlango.

Kutoka jikoni ilisikika sauti ya Mak Saodah, laini, sauti ambayo hajapata kuitumia kwa mtu yeyote mbele ya Suhaila. "Njoo, sayang, kipenzi. Njoo kwa Mak. Mwache huyo."

Nyayo ziliondoka.

Asubuhi ya Idi jua lilikuwa kali na misikiti ilikuwa ikisomeana takbiri toka ng'ambo moja ya mto hadi nyingine. Wanaume waliporudi kutoka kuswali, familia ilikaa sebuleni kuombana radhi, kama inavyofanywa kila nyumba asubuhi ile. Mak Saodah alikaa kwenye kiti. Zahrin alipiga magoti, akambusu mkono, akaomba asamehewe aliyoyakosa. Mama alimgusa bega kwa ncha za vidole na kuondoa mkono haraka.

Zamu ya Suhaila ilifika. Alipiga magoti kwa shida, akauinamia mkono wa mkwewe. "Mak, nisamehe maneno yangu na matendo yangu." Alihisi kiganja cha mkwewe kichwani. Kisha alihisi kiganja kingine kwenye tumbo lake, kidogo, cha moto kama jiwe la jikoni. Mikono yote miwili ya Mak Saodah aliijua ilipo. Mmoja ulikuwa kichwani pake na mwingine ulikuwa midomoni mwake. Kile kiganja kikapapasa kama kinachotafuta kitasa, kikakuta kichwa cha mtoto, kikabana. Na sikioni mwake, katikati ya mwanga wa asubuhi, sauti ndogo ikamwambia, "Huyu asitoke. Mak ni wangu."

Suhaila alianguka ubavu. Zambarau ya gauni lake ikaanza kugeuka nyeusi kwa damu.

Zahrin alipiga simu hospitali, akaambiwa gari litafika, lakini barabara zote zilikuwa zimejaa watu wanaotembeleana. Akakimbia nyumba ya tatu kumwita Tok Melor, mkunga mzee aliyemzalisha yeye mwenyewe. Tok Melor aliingia akiwa bado na nguo zake za sikukuu. Alimlaza Suhaila chali, akaona alama za meno, nyingine mbichi, akanusa hewa. Kisha akamgeukia mwenye nyumba.

"Odah. Umemlea mpaka leo?"

Mak Saodah aliketi sakafuni. "Miaka tisa sikupata mtoto, Tok. Mama mkwe alikuwa akinipigia hesabu za wake wengine. Nikaenda kwa mganga kule mto unakotokea, akanipa huyu ndani ya chupa. Akaniambia, mlee, mnyonyeshe damu ya kidole, akizoea atakuvutia wengine. Na kweli, Zahrin akaja."

"Na yeye?"

"Yeye hakupenda Zahrin aje."

Tok Melor alikuwa akibonyeza tumbo kwa mikono miwili, midomo yake ikisoma dua kati ya maneno. "Wanasema mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Huyu wako hakui, Odah. Atabaki wa miaka mitatu na wivu wa miaka mitatu mpaka kiama. Nitasoma, lakini kisomo humtoa asiye na kwao. Huyu ana mama. Mkane kwa mdomo wako."

"Siwezi."

"Mjukuu wako anakufa mikononi mwangu."

"Alikuwa nami nilipokuwa sina mtu," alisema Mak Saodah, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeombwa roho yake mwenyewe. "Kila usiku, Tok. Mume alipofariki, mwanangu akiwa mjini, nani alikuwa hapa?"

Zahrin aliyekuwa amekishika kichwa cha mkewe alimwachia taratibu, akatambaa kwa magoti hadi mbele ya mama yake. Hakumgusa. "Mak," alisema, "mara moja tu. Mara hii moja, nichague mimi."

Kitu kilikuwa kimempanda Mak Saodah mapajani. Gauni lake lilibonyea pale, na kitambaa cha kifuani kilivutwa na ngumi isiyoonekana. Mama yule alikitazama kilichokuwa mapajani mwake, macho yamejaa, akakitazama kwa muda ambao Suhaila, pale sakafuni, aliuhisi kama maisha yake yote yanayotoka tone kwa tone, kisha akaishika ile ngumi, akaifumbua kidole kwa kidole.

"Mimi si mama yako," alisema.

Kilio kilichotoka hapo hakikuwa cha jini wa kuogopesha. Kilikuwa cha mtoto aliyeachwa sokoni, na hilo ndilo lililowatia baridi. Kilizunguka kuta, kikavunja vyombo vya sikukuu, kikapita chini ya mkeka, kikarudi kwa Mak Saodah na kukuta ameziba masikio, wakati Tok Melor akisoma kwa sauti bila kukatisha, chupa tupu ya jikoni mkononi, mpaka kilio kikawa chembamba, kikawa mluzi, kikaingia shingoni mwa chupa. Aliifunga kwa kizibo na nta. Mkono wake ulishuka kwa uzito.

Damu ilikatika kabla gari halijafika. Chupa ilitupwa mtoni, mahali pa kina. Tok Melor aliporudi alisema jambo moja tu, akinawa mikono: "Aliyetupwa na mama hasahau njia. Shikeni swala."

Jioni hospitalini, Zahrin alimuuliza mama yake kwa nini hakuwahi kumpakata. Mak Saodah alikuwa ameukazia macho ukuta.

"Kila nilipokupakata uliumwa," alisema. "Nilikupeleka mbali ili ukue."

Msichana alizaliwa miezi miwili baadaye, wakamwita Qistina, mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Mak Saodah alikuja kumwona, akasimama mlangoni. Alipoletewa mtoto alirudi nyuma. "Ana sura mbaya," alisema kwa nguvu, kama kuna mwingine anayesikiliza, na machozi yakimtoka. "Mpelekeni huko." Alipoondoka, Suhaila alimkuta mumewe amesimama dirishani akimtazama mama yake akivuka barabara peke yake.

Idi iliyofuata ilikuwa zamu ya kwao Suhaila. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Twende kwa Mak." Mama yake Melaka alinuna kwenye simu, dada zake wakamwita mwehu. Akaenda.

Nyumba ilijaa majirani wanaokula nyama ya rendang na kubishana, kelele ile ile Suhaila aliyokuwa akiitamani. Mak Saodah alikaa pembeni kabisa, mikono ameikalia. Qistina alikuwa akitambaa kati ya miguu ya wageni. Zahrin alimwinua, akavuka chumba, akamweka mapajani mwa mama yake.

"Zahrin, usifanye hivyo," alinong'ona mama. "Anaweza kuwa anaona."

"Aone."

Mak Saodah alitoa mikono yake chini ya mapaja. Akamzungusha mtoto, akamvuta kifuani, akainusa shingo yake kwa mara ya kwanza.

Chini ya sakafu, kati ya nguzo, mtoto alianza kulia.

Alilia kwa kukatika, kama aliyetembea mbali na kufika amechoka, na mbao chini ya kiti cha Mak Saodah zikaanza kukwaruzwa kutoka chini, taratibu, hapo hapo chini ya miguu yake. Qistina aligeuza kichwa akasikiliza. Wageni nao wakaacha kula. Mikono ya Mak Saodah haikulegea. Ilikaza, na mgongo wake uliopinda kwa mwaka mzima ukanyooka.

Mak Long Rokiah, jirani, aliinua kichwa kutoka kwenye sahani. "Odah, nani amemwacha mtoto wake huko chini?"

"Hakuna mtoto huko," alisema Mak Saodah kwa sauti ya kusikika mpaka chini. "Nyumba hii ina mjukuu mmoja. Kula, chakula kinapoa."