Kamera Mbili za Kujaribu

Pazia jeupe la studio lilikuwa limelowa. Si kulowa kwa kumwagiwa, maana maji ya kumwagiwa hutiririka mpaka chini. Hili lilikuwa limelowa kuanzia kimo cha mabega ya mtu mzima mpaka kiunoni, kana kwamba kuna aliyetoka kuoga akaliegemea bila kujikausha. Mama Bosi, mpigapicha, akaligusa, akanusa vidole. Vilinuka simenti na maji yaliyofungiwa muda mrefu.

"Bosi! Nani amechezea maji humu?"

Bosi alikuwa binti yake wa pekee, wa miaka mitano, na jina hilo alilipata kihalali: tangu aanze kusema hakuwahi kuomba kitu, aliamuru tu. Akaja mbio, akaweka mikono kiunoni, akalikagua pazia.

"Si mimi. Muulize yule."

"Yule nani?"

"Sijui. Hajaniambia jina."

Mama Bosi akacheka. Angejua asingecheka, lakini hakujua, basi akacheka na kulianika pazia juani.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo usije ukaniuliza maswali katikati. Kamera yao ya zamani ilikufa ghafla kwenye harusi ya watu, bwana harusi ameshakenua meno yote. Nyumba ile ilikuwa na kazi mbili, na zote zilitaka kamera. Mke alikuwa na studio chumba cha mbele: picha za vitambulisho, za watoto, na harusi za mwisho wa wiki. Mume alikuwa fundi wa matangi ya maji, yale yanayochimbiwa chini ya nyumba. Anashuka kwa ngazi na tochi, anatafuta nyufa, anaziba. Wateja wa siku hizi hawamwamini fundi mpaka waone ufa kwenye picha. Na uwezo wao ulikuwa wa kununua kamera moja tu.

"Tuchukue hii ndogo," Baba Bosi alisema dukani. "Haiingii maji, ukiiangusha inadunda, vumbi haliijui. Ile kubwa nikishuka nayo tangini nitapanda na maiti."

"Na mimi nikitokea harusini na kidude kama sabuni ya kipande, wataniita mpigapicha au mgeni aliyekuja kula?"

Wakavutana hapo mpaka muuza kamera akachoka nao. "Chukueni zote mbili mkazijaribu. Wiki ikiisha mnirudishie moja. Mmeniumiza kichwa vya kutosha."

Ile kubwa ilikuwa ya wanaoanza, lakini kamera ya kazi hasa, yenye lenzi ya kubadilisha. Unaweka jicho kwenye kitundu, unachungulia kupitia kioo kilichomo tumboni mwake. Ukibonyeza, kioo kinajikunja juu, chaka, na kwa kufumba na kufumbua unaona giza tupu. Skrini yake ya nyuma hukuonyesha picha iliyokwisha kupigwa, basi. Ile ndogo haina kitundu. Yenyewe ni skrini tu, na skrini inakuonyesha kila kilicho mbele yako muda wote, utake usitake.

Siku ya kwanza Baba Bosi aliondoka na ile ndogo. Alikwenda kwenye tangi la nyumba iliyokaa tupu miaka mingi, wenyewe wakitaka kurudi. Jioni akarudi anacheka peke yake.

"Leo nimefanya kama wewe, Mama Bosi. Nimeusogelea ufa, nikainua kamera, nikasema kwa sauti: haya, tazama hapa! Tangi zima likaitika."

Mama Bosi alikuwa na utaratibu wake wa kazi, na alikuwa amemfundisha mumewe. Hampigi mtu picha bila kumwita, kwa sababu asiyeitwa hutoka na macho yaliyokufa. Na hamwachi mtu bila kumwambia, "Tayari, asante, unaweza kwenda," kwa sababu asiyeambiwa tayari hubaki amekaza shingo anangoja.

"Na asante je, uliuambia?"

"Ufa nao wa kuambiwa asante? Nilibonyeza nikapanda zangu."

Wakacheka wote wawili mpaka chai ikapoa. Pazia lililowa kesho yake.

Siku hiyohiyo Mama Bosi akaamua kuzilinganisha kamera. Akamkalisha Bosi kwenye kigoda mbele ya pazia jipya, akaanza na kubwa. Haya, tazama hapa. Chaka. Picha ikatoka safi, mashavu ya mtoto yanang'aa, moyo wa Mama Bosi ukaishia palepale kwa ile kubwa. Akachukua ndogo kwa sababu ya kutenda haki tu, akaiinua, na kwenye skrini, nyuma ya Bosi, kwenye kona ya pazia, akaona mtu amesimama.

Akashusha kamera. Hakuna mtu. Akaiinua. Yupo. Mrefu, mweusi kwa kulowa, nywele zimemwangukia usoni zote, na maji yanamchuruzika bila kufika sakafuni.

"We!" Mama Bosi akaropoka. Akaifuta skrini kwa kanga. Akatazama tena, hakuona kitu, akajiambia ni unyevu umeingia kwenye lenzi. Kamera isiyoingia maji, imeingia maji! Akaifungia kwenye kabati na kuapa kwamba hiyo ndiyo itakayorudi dukani.

Hapo ndipo alipokosea. Ile kubwa haikumwonyesha kitu, basi akadhani hakuna kitu. Akafanya nayo kazi siku zilizofuata kwa raha zake, wateja wanaingia wanatoka, na kila mteja akimwita vilevile: haya, tazama hapa, haya, tazama hapa. Hakujua anamwita na nani mwingine. Mchana kweupe, mabomba yote yamefungwa, nyumba ikaanza kudondoka matone, tii, tii, tii, ukienda chumbani yanasikika jikoni, ukienda jikoni yanasikika studio. Karani mmoja aliyekuja kupiga picha ya kitambulisho aliinuka kabla ya kuambiwa, akajipangusa shingo. "Mama, huku kwako juu kunavuja?" Hakurudi kuchukua picha zake.

Na Bosi akanyamaza. Hilo ndilo lililomtia mama hofu ya kweli. Mtoto aliyekuwa akipanga watu wazima nani akae wapi, sasa anakaa kwenye kigoda cha studio peke yake, ametulia tuli. Mwili wa baridi. Ncha za vidole zimekunjamana kama za mtu aliyefua kutwa, na kila akikaushwa nywele, baada ya muda zimelowa tena utosini.

"Unaumwa wapi, mama?" Mama Bosi akamuuliza.

"Siumwi. Ananishika tu hapa," Bosi akanong'ona, akigusa bega. "Anasema wewe ndiye unayemwita asogee."

Baba Bosi, aliyekuwa mlangoni, hakungoja kusikia zaidi. Akafungua kabati, akatoa ile kamera ndogo, akaielekeza kwa mwanawe. Kisha akakaa sakafuni, macho kwenye skrini.

"Amemwekea mkono begani," akasema. "Mama Bosi, yule amemwekea mtoto mkono begani."

Wakamwita shangazi yake Baba Bosi. Shangazi alikuwa mkunga hospitalini, mwanamke wa maneno makavu, na majini aliyatibu kwa sababu mama yake naye aliyatibu. "Mimi kazi yangu kupokea wanaokuja," alizoea kusema, "na hawa wengine kuwasindikiza." Safari hii hakutania. Alimshika Bosi vidole, akanusa nywele, akawataka waeleze yote tangu siku ya tangi.

"Sasa wewe, mwanangu," akamwambia Baba Bosi, "umeshuka kwenye nyumba ya mtu, umemwita akutazame, umempiga mwanga wa uso, ukaondoka bila kumwambia tayari. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Shangazi, nilikuwa natania."

"Yeye hakujua." Akamgeukia Mama Bosi. "Huyu si wa kufukuza kwa fujo. Ni wa kupigwa picha ipasavyo, na kuagwa ipasavyo. Wewe ndiye mwenye kazi. Mwite, mpige, mwambie anaweza kwenda. Lakini sikia vizuri. Wakati wa kuagwa, huyu anaweza kuvaa sura ya aliye karibu naye. Kwa hiyo hakikisha unamwona unayemuaga. Umesema ile ndogo inamwonyesha?"

Mama Bosi akakitazama kile kidude mkononi mwa mumewe. "Siwezi. Shangazi, nikimwona mikono itatetemeka, nitaharibu. Kubwa ndiyo kamera ya kazi. Nikiweka jicho pale namwona mwanangu peke yake, hapo nitaweza."

"Kubwa inakufumba macho pale pale unapobonyeza."

"Ndiyo maana nitaweza."

Baba Bosi alijua mke wake haachi kamera ya kazi. Shangazi akashusha pumzi ndefu. "Mkono ni wako, mkwe wangu. Siwezi kukushikia." Akachutama mbele ya kigoda, akaishika ile mikono midogo ya baridi. "Bosi, mama yangu, sikiliza. Usiinuke mpaka mimi nikuambie inuka. Hata mama akisema tayari, hiyo si yako. Umesikia?"

"Nimesikia," Bosi akasema kwa sauti ndogo. "Mimi naweza."

Alasiri, jua limejaa dirishani, Shangazi akasimama kando na kuanza kusoma aliyoyasoma, kwa sauti ya chini isiyokatika, na matone yale yaliyokuwa yakisikika mara jikoni mara chumbani yakaanza kukusanyika, yakahama chumba kwa chumba yakija, mpaka yote yakawa yanadondokea humo studio mbele ya lile pazia, na harufu ya maji yaliyofungiwa ikapanda mpaka Baba Bosi akaziba pua, na Mama Bosi akaweka jicho kwenye kitundu akamwona mwanawe peke yake kwenye kigoda, mikono magotini, midomo ameibana, mdogo kuliko alivyowahi kumwona, akataka kuitupa ile kamera chini akamkumbatie, lakini akakumbuka kazi ni kazi, akasema kama anavyosema kila siku:

"Haya. Tazama hapa."

Akabonyeza. Kioo kikajikunja, giza likaja, na giza lile halikuondoka upesi kama siku zote, likakaa, likamzidi jicho likamwingia kichwani, na humo gizani akasikia miguu yenye maji ikishuka sakafuni, pacha, pacha, pacha, akajilazimisha kutamka kwa sauti isiyokuwa yake, "Tayari. Asante. Unaweza kwenda," na kitu cha baridi kikampita karibu.

Mwanga ukarudi. Matone yamenyamaza. Bosi alikuwa ameshashuka kwenye kigoda anakuja mbio, anacheka, mikono ameinua. Mama Bosi akaiachia kamera ining'inie shingoni, akapiga magoti, akampokea. Mtoto wa moto, nywele kavu, vidole laini.

"Mwanangu! Mwanangu jamani!"

"Mimi sijamwambia ainuke," Shangazi akasema.

"Shangazi, huyu mtoto amengoja kuambiwa lini?" Mama Bosi akawa analia na kucheka kwa pamoja. Baba Bosi naye akaanza kucheka, kucheka kwa mtu aliyenusurika, machozi yanamtoka. Mtoto akaomba maji. Akapewa kikombe, akakimaliza kwa mkupuo, akaomba kingine, akakimaliza, akaomba tena. Mama yake akamnywesha huku amemkumbatia, hana hili wala lile.

Shangazi hakuwa amesogea. Macho yake yalikuwa kwenye kigoda. "Baba Bosi," akasema polepole, "hebu washa hiyo ndogo."

"Ya nini tena, Shangazi? Si ameshakwenda?"

"Washa."

Akaiwasha. Akaielekeza kwenye kigoda kitupu, na kwenye skrini kigoda hakikuwa kitupu. Bosi alikuwa ameketi palepale, mikono magotini, midomo ameibana kwa nguvu kama mtoto aliyepania safari hii asiharibu, anamtazama Shangazi, anangoja kuambiwa inuka. Baba Bosi akashusha kamera: kigoda, pazia, jua. Akaiinua tena: mwanawe. Mdomo wa mtoto ukafunguka, ukauliza kitu, sauti haikuja, na taratibu akaanza kufifia, miguu kwanza.

"Inuka!" Shangazi akapiga kelele. "Bosi, inuka, inuka mama!"

Kwenye skrini mtoto aligeuza shingo kama anayesikia kitu cha mbali, asijue kinatokea wapi. Kisha kikabaki kigoda. Baba Bosi akaisogeza kamera upande wa mkewe, akaona mkewe amepiga magoti, amefumba macho kwa furaha, na amekumbatia kitu kirefu cheusi kinachochuruzika maji, nywele zimemfunika mke wake mpaka mgongoni.

"Baba," kile kilichokumbatiwa kikasema kwa upole, kwa sauti ya Bosi, bila kugeuka. "Hiyo ndogo mrudishie mwenyewe. Tubaki na kubwa."