Ubeti Uliokatwa

Haya, cheka. Mjukuu wangu Perizat naye alicheka, na digrii yake mkononi. Ukishachoka kucheka, funga mdomo usikilize, maana sirudii.

Sisi Wakirgizi hatumwachi mzazi aliyejifungua peke yake siku arobaini, wala taa yake haizimwi. Kuna Albarsti, yule jini jike wa nywele za manjano. Humkalia mzazi kifuani, akamnyonya pumzi. Mama yangu aliniachia maneno ya kupambana naye, beti tatu. Mbili za kwanza zinamwita ajitokeze. Wa tatu unamfukuza.

Perizat akayapeleka kwenye gazeti la fasihi la mtandaoni, lile la mashairi na hadithi za ajabu. Eti ushairi mpya! Mhariri, kijana mmoja anaitwa Ermek, akakata ubeti wa tatu, akachapisha zile mbili za kumwita. Kisa? Eti ubeti huo unaeleza mno.

Siku ya kumi na mbili baada ya Perizat kujifungua, jua likizama, nilimpelekea maziwa. Nyumba yake ni hapo tu, ng'ambo ya zizi la ng'ombe. Nikakuta taa imezimika.

Harufu ya manyoya mabichi...

Kisha nikasikia kunyonya. Chap... chap... chap...

Mtoto alikuwa kwenye kitanda chake cha kubembea. Kalala, mdomo kaufumba.

Kilichonyonya kilikuwa juu ya kifua cha mama yake.

Nikausema ubeti wa tatu. Kikageuka taratibu, kikaninong'oneza:

"Watu elfu tatu wameniita, Zuura. Wewe mmoja ndio unanifukuza?"

Kikatoka. Hakikwenda mbali. Kila jioni kikawa kinakwaruza ukuta. Perizat sauti hana tena, maziwa yamekauka, na kitoto kinakonda mikononi mwangu.

Nikampigia Ermek. Akaja kutoka mjini Bishkek na maua, anadhani nina mashairi mengine; nikamkaribisha chumbani kwa Perizat.

"Rudisha ubeti wangu leo hii," nikamwambia.

"Bibi, toleo limeshatoka. Na shairi lilivyo sasa lina nguvu zaidi. Msomaji abaki na hofu."

"Msomaji abaki na hofu! Na kitukuu changu kibaki na nini, mpumbavu wewe?"

"Usikasirike, bibi yangu. Watu wamelipenda! Wanalisoma kwa sauti, wanajirekodi."

"Wangapi?"

Akatazama simu yake, meno nje. "Elfu tisa sasa."

Nikamweleza yote, kama nilivyokueleza wewe. Unajua alisema nini? "Hadithi nzuri sana hii. Naomba niichapishe."

Nje kulikuwa kunaingia giza.

"Perizat mwenyewe yuko wapi?" akauliza.

"Nimemhamishia kwa jirani asubuhi, yeye na mwanawe. Hicho kitanda ulichokalia ndicho chake."

Akacheka kidogo. Nyuma ya ukuta... kwaru. Kwaru.

"Mbuzi wako, bibi?"

"Sina mbuzi."

Kicheko kikamkauka. Nikamwekea mapajani karatasi yenye ubeti wa tatu, nimeuandika kwa mkono wangu huu wa darasa la saba.

"Simu unayo. Urudishe ubeti mahali pake, wanaomwita Albarsti wajue na kumfukuza. Ukimaliza, gonga."

"Bibi... bibi, ngoja kwanza..."

Nikazima taa. Nikatoka, nikafunga mlango.