Nani Alimfundisha Nani

Kila Jumanne baada ya masomo, Kalamu na rafiki yake Chiriku walibaki katika chumba cha kompyuta. Kalamu aliitwa hivyo kwa sababu hakukosa kalamu nyuma ya sikio. Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mwalimu wa kompyuta alikuwa amewapa kazi ya kutengeneza programu ya kujibu maswali kuhusu watu wa mtaa wao, ili wazazi waje kuijaribu siku ya maonyesho.

Waligawana kazi. Kalamu alipita nyumba kwa nyumba akikusanya habari na kuziingiza: nani ni jirani wa nani, nani alimfundisha nani kazi. Chiriku aliandika kanuni za kujibu maswali.

Habari aliyoipenda Kalamu kuliko zote ilikuwa ya shangazi yake, ambaye ndiye aliyemlea na ambaye mtaa mzima ulimwita Shangazi. Shangazi alishona nguo barazani kwa cherehani kuukuu. Wachache walikumbuka kwamba yeye ndiye aliyemfundisha kazi Fundi Suti, ambaye sasa alikuwa na duka kubwa la nguo lenye madirisha ya vioo.

"Hiyo iandike," Shangazi alisema akitunga uzi. "Fundi Suti mwenyewe huwa anaisahau."

Siku ya maonyesho chumba kilifurika. Mzazi mmoja akaandika swali: Shangazi alifundishwa kazi na nani? Kompyuta ikajibu: Fundi Suti.

Watu wakapiga makofi. Fundi Suti, aliyekaa mstari wa mbele, alitabasamu na hakukanusha. Shangazi, aliyekuwa amekaa nyuma, alimgeukia Kalamu.

"Nilikuambia kwa kinywa changu," alisema polepole, akatoka nje.

Kalamu alimgeukia Chiriku, akitumaini atasema neno. Chiriku alitazama sakafu. "Habari zote aliingiza yeye," akamwambia mwalimu. "Mimi sikugusa."

Maneno hayo yalimchoma Kalamu kuliko kofi. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Walikuwa wamekaa dawati moja tangu darasa la kwanza.

Mwalimu hakubishana na mtu. Alifungua orodha ya habari, akasoma kwa sauti: "Shangazi alimfundisha Fundi Suti." Kisha akafungua kanuni. "Habari ni sahihi. Kanuni hii ndiyo inayosema kila uhusiano ukigeuzwa unabaki vilevile. Nani aliiandika?"

Chiriku akainua mkono. "Mimi. Niliijaribu kwa majirani, ikafanya kazi."

"Ujirani huenda na kurudi," mwalimu alisema. "Ukiwa jirani yangu, nami ni jirani yako. Lakini nikikufundisha, wewe hujanifundisha mimi. Uhusiano huo ukigeuzwa, unakuwa 'umefundishwa na mimi'. Ulikuwa umeligundua kosa hili kabla ya leo?"

"Ndiyo, Ijumaa," Chiriku alinong'ona. "Nilidhani hakuna atakayeuliza."

Walirekebisha kanuni palepale, wageni wakisubiri. Chiriku akatoka kumwita Shangazi, aliyekuwa amesimama nje, na swali likaulizwa upya. Safari hii kompyuta ilijibu kwamba haijui Shangazi alifundishwa na nani. Walipouliza Fundi Suti alifundishwa na nani, jina la Shangazi likatokea. Fundi Suti alisimama, akakohoa kidogo. "Ni kweli," alisema. "Hata kushika mkasi alinionyesha yeye. Nilipaswa kusema mapema."

Chiriku alipiga magoti mbele ya Shangazi, akakiri yote na kuomba radhi.

"Inuka," Shangazi alimwambia. "Kukosea si aibu, mwanangu. Mshono uliokosewa hufumuliwa, ukashonwa tena. Lakini wewe uliuona, ukauficha, kisha ukamvisha mwenzako lawama. Aibu iko hapo. Kosa lako litaje wewe kabla halijatajwa na wengine."

Kisha akamshika Kalamu bega. "Nawe nisamehe. Niliondoka bila kukuuliza."

Kalamu aliitikia kwa kichwa. Chiriku alimnyooshea mkono. Kalamu aliutazama kitambo kabla ya kuupokea, na hata alipoupokea, hakutabasamu.