Subiri Kidogo, Ba

Asubuhi ile Taruben aliamka kama siku zote. Alifagia ua, akainjika chai, akamfokea binti yake Rucha aliyekuwa akitafuta soksi ambazo tayari alikuwa amezivaa. Ilikuwa mwezi wa pili, na katika vichochoro vya Ahmedabad ya zamani bado kulikuwa na ubaridi unaowafanya njiwa wajikunyate juu ya mnara wao wa kulishiwa. Saa mbili wageni wa matembezi ya kutazama nyumba za kale wangefika, na ua ulitakiwa uwe mkavu, maana wageni hawapendi kulowa viatu.

Nyumba yao ilikuwamo katika matembezi kwa ajili ya babu mkubwa wa mume wake, tabibu Dolatram. Inasimuliwa kwamba mwaka wa njaa kubwa, visima vilipokauka, Dolatram alilifungua lango lake na kugawa maji ya tangi lake kwa mtaa mzima, bila kuuliza mtu ni wa tabaka gani. Tangi lenyewe bado lipo. Limechimbwa chini ya ua, kina cha watu wawili waliobebana, kuta za chokaa, na mdomo wake si mpana kuliko ungo wa kupepetea mchele. Mvua za masika yao hushuka kutoka paani na kujaa humo, na maji hukaa matamu mwaka mzima gizani.

Wageni walipofika, Taruben aliwaonyesha jinsi ya kulitazama. Unashika kioo, unasimama palipo na jua, unaurusha mwanga ndani ya shimo. Kisha alipiga magoti na kunong'ona jina lake kwenye mdomo wa tangi, na jina likarudi likajaa ua mzima. Wageni hushangaa hapo kila siku.

Alimalizia na habari ya taa inayowaka katika lango la kale la mji, Malango Matatu. Watu wa mji husema mungu wa kike wa neema alitaka kuuhama mji, mlinzi wa lango akamwambia, "Subiri kidogo mpaka nirudi, nikakuombee ruhusa kwa mfalme." Mlinzi akaenda kwa mfalme, akaomba akatwe kichwa, ili asirudi kumruhusu kuondoka. Mungu wa kike angali anasubiri. Ndiyo maana taa haizimwi.

Alikuwa amefika kwa huyo mlinzi aliposikia juu: ngo, ngo, ngo.

Huyo alikuwa mama mkwe wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Ba. Alikuwa na miaka themanini na minane, na tangu sikukuu ya taa alikuwa hainuki kitandani. Akitaka kitu, aligonga pete yake kwenye kopo lake la shaba. Ba alikuwa mmoja wa wale wacha Mungu wa zamani ambao maji ya bomba hayajawahi kupita mdomoni mwao. Harusini alikwenda na kopo lake. Alipovunjika nyonga akalazwa ng'ambo ya mto, mwanawe Nikunj, mume wa Taruben, alimpelekea maji ya tangi kwa pikipiki, mara mbili kwa siku, majuma matatu.

"Subiri kidogo, Ba!" Taruben alipaza sauti. "Nakuja!"

Wageni wakacheka. Walidhani anamwigiza mlinzi.

Ngo, ngo.

Taruben alipanda, akalichukua kopo tupu, akashuka nalo jikoni. Kumchotea Ba halikuwa jambo la kuinama na kuchota. Ilibidi kwanza aoge, avae sari safi ambayo haijaguswa, achote bila kuguswa na mtu, apande ngazi bila kuguswa na mtu. Na mdomo wa tangi ulikuwa umezungukwa na watu ishirini na wawili. Alikuwa ameamka saa kumi na moja. Nguo zilikuwa zimelowekwa. Dengu zilikuwa motoni.

Akafungua bomba.

Ba alilipokea kopo kwa mikono yote miwili. "Ya tangi, mkwe?"

"Ya tangi, Ba."

Ba alipiga funda moja, akaliacha mdomoni. Hakumeza. Alimtazama Taruben, mashavu yamejaa, kwa muda mrefu kiasi cha dengu kuanza kuungua chini. Kisha akameza, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kutema.

Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amekufa.

Nikunj alilia kama mtoto, lakini alikuwa na la kujifariji. "Amekufa na maji ya nyumba mdomoni," alimwambia kila aliyekuja msibani. "Kwa mkono wa mkwe wake. Ni wangapi wanapata hiyo?" Manguben, jirani wa mbele kwa mbele, alilichukua neno hilo akalitembeza hadi sokoni. Wanawake walimshika Taruben mikono na kumsifu. Naye akarudi jikoni. Alikuwa na vyombo vya watu mia mbili vya kuosha, na maneno ya kukiri kosa, yasiposemwa siku ya kwanza, siku ya pili huwa hayana pa kutokea.

Siku ya kumi na tatu vitu vya Ba alipewa kuhani, kama ilivyo desturi: kitanda, mwavuli, kandambili, na lile kopo. Taruben alilifunga mwenyewe kwenye kitambaa. Alifurahi kuliona likitoka langoni.

Mwezi wa tatu tangi likaanza kupungua.

Mtu wa kulinywa alikuwa Ba peke yake, na Ba hayupo. Taruben alilipima kwa kamba yenye fundo kila mkono mmoja, akihesabu kutoka mdomoni. Fundo la tatu. Wiki iliyofuata, la nne. Halafu la sita.

"Taruben," Manguben aliuliza kutoka barazani kwake, "mnaogesha ng'ombe humo ndani?"

"Ng'ombe gani, we mama! Mimi mwenyewe nakunywa bomba."

Nikunj alimwita fundi. Fundi alishuka na taa, akagongagonga kuta, akapanda akiwa amelowa hadi magotini tu. "Hakuna ufa," alisema. "Halivuji. Mnakunywa sana tu."

"Hatunywi kabisa."

Fundi alikusanya vifaa vyake bila kuwatazama. "Basi yupo anayekunywa," alisema kwa sauti ndogo, akaenda zake, na hakurudi tena kuomba kazi.

Baada ya hapo Taruben alianza kusikia. Ilikuwa mchana, jua kali, Rucha yuko shule, Nikunj yuko dukani. Yeye amekaa uani anakata mabamia. Chini ya mfuniko wa shaba, glu. Funda moja. Kisha kimya, kama mzee anayepumzika katikati ya mafunda. Kisha glu.

Alihamishia mabamia jikoni, akafunga mlango. Na wageni hakuwafunulia tena mfuniko.

Kilichomtia hofu zaidi ni kibao. Ndugu wawili wa Nikunj walioko Surat walitaka nyumba ivunjwe, pajengwe ghorofa. Nyumba inayowekewa kibao cha wakazi mashuhuri wa mji haivunjwi. Nikunj alikuwa amekihangaikia miaka minne, na hatimaye Vasavada saheb, mkuu wa kamati ya matembezi, alikubali. Maneno yalikuwa yamekwisha kuchongwa kwenye jiwe: *Hapa aliishi tabibu Dolatram. Katika nyumba hii hakuna aliyenyimwa maji.* Nikunj aliyasoma kwa sauti wakati wa chakula. Rucha akapiga makofi. Taruben akainuka kuongeza mikate ambayo haikuwa imepungua.

Siku ya kibao ilikuwa mwezi wa tano, joto la kukausha mate. Jiwe lilikuwa ukutani limevishwa mashada ya maua ya manjano. Ua ulijaa. Manguben alivaa sari ya hariri na kukaa mbele kana kwamba nyumba ni yake.

"Kabla hatujafunua jiwe," alisema Vasavada saheb, "tulitazame tangi lenyewe. Taruben, kioo."

Taruben alimpa kioo. Akafunua mfuniko. Hakutazama ndani.

Vasavada saheb alilikamata jua, akalitupa shimoni, akainama akitabasamu. Tabasamu likabaki pale pale, lakini macho yakabadilika.

"Taruben," alinong'ona. "Huyo bibi kizee ameteremkaje huko?"

"Bibi gani, saheb?"

"Huyo aliyekaa. Amenyanyua uso." Alimeza mate. "Ameachama."

Vasavada saheb hakuwahi kumwona Ba hata siku moja.

Nikunj alikipokonya kioo, akarusha mwanga. Watu wakasukumana. Hapakuwa na bibi. Hapakuwa na maji pia. Sakafu ya tangi ilikuwa kavu, nyeupe kama mfupa, na katikati yake kimesimama kitu kimoja kinachong'aa.

"Lile," Nikunj alisema taratibu, "si kopo la mama?"

"Tulilitoa," Manguben akanong'ona. "Nililiona kwa macho yangu likitoka."

Ilibidi mtu ashuke. Nikunj ana tumbo, asingepita. Taruben alikunja sari yake kiunoni, akaweka mguu kwenye kidato cha kwanza cha ukuta. Hakuna aliyemtuma. Alijua tu kwamba ni yeye.

Chini kulikuwa na baridi. Kulikuwa na harufu, na si ya chokaa. Aliitambua mara moja. Ilikuwa dawa ya maji, ile inayotoka bombani asubuhi.

Kopo lilikuwa limejaa karibu pomoni. Limepungua funda moja.

Alilishika. Nyuma ya shingo yake, karibu sana, mtu alitoa pumzi kavu. Kisha kutoka ukutani ikaja sauti. Haikuwa ya Ba. Ilikuwa yake mwenyewe, ya asubuhi ile, yenye haraka na uchovu.

"Subiri kidogo, Ba. Nakuja."

Hakugeuka.

"Subiri kidogo, Ba. Nakuja."

Juu, uso wa Nikunj ulijaza mdomo wa shimo. "Taru? Unaongea na nani?"

Taruben alijua jinsi tangi linavyobeba mnong'ono. Miaka sita alikuwa amewaonyesha wageni. Angeweza kunyamaza, kupanda na kopo, kusema kuhani amelirudisha na paka amelitupia shimoni. Jiwe lingefunuliwa. Pumzi ile iligusa sikio lake. Haikuwa na hasira. Ilikuwa na kiu tu.

"Yalikuwa ya bomba, Ba," alinong'ona. "Nilikudanganya. Nilikuwa na haraka, na nilikuwa nimechoka, nikakupa ya bomba."

Na sauti yake ikapanda, ikajaa ua, ikaingia barazani kwa Manguben, ikafika hadi langoni mwa kichochoro.

Uso wa Nikunj ukaondoka mdomoni mwa shimo.

Alimwaga kopo pembeni, sakafu kavu ikayanywa maji yote. Sakafu ya matangi haya ina kishimo kidogo katikati, cha kukusanya taka, ambacho kopo lilikuwa limekiziba, na humo yalikuwa yamebaki maji kiasi cha kiganja. Aliyakomba kwa kopo, akapanda. Watu walimpisha bila kumgusa, kama walivyokuwa wakimpisha zamani alipombebea Ba. Lakini safari hii haikuwa heshima. Alipita katikati yao, magoti yakiwa na chokaa, akapanda ghorofani, akaweka kopo na jani la mrehani, kama apewavyo mtu anayekata roho, mahali kilipokuwa kitanda. Akasema, "Ya tangi, Ba." Akakaa sakafuni, ameupa mlango mgongo. Aliposikia kopo likiguswa alifumba macho. Alipoyafumbua lilikuwa tupu, na jani limelala kando ya kopo, limetafunwa ncha.

Aliposhuka, wageni walikuwa wamekwisha kutawanyika. Vasavada saheb alikuwa langoni na Nikunj, akijifuta jasho.

"Jiwe linamhusu Dolatram," alikuwa akisema, akichagua maneno. "Mambo ya ndani si ya kamati. Lakini kama wewe, Nikunjbhai, unaona liondolewe..."

Nikunj alimtazama mke wake. Miaka ishirini ya ndoa, na siku hiyo ndipo kwa mara ya kwanza alimtazama kama mtu baki aliyesimama mlangoni akiuliza njia.

"Libaki," alisema. "Nyumba isivunjwe. Na huyu awe anawasomea wageni."

Basi jiwe liko. Nyumba iko. Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi, tangi likajaa hadi fundo la kwanza, na hakuna aliyesikia tena funda chini ya mfuniko. Wageni huja saa mbili, na Taruben huwasomea maneno ya jiwe kwa sauti, yote, mpaka mwisho. Habari ya mlinzi na taa ameiacha. Manguben humsalimia, ila hamwombi tena hata majani ya chai. Nikunj hajamfokea wala kumlaumu. Isipokuwa kitu kimoja: kabla ya kwenda dukani huchota mwenyewe tangini maji yake na ya Rucha.

Mwanzoni Taruben alidhani ni adhabu tu, na aliona ni haki yake.

Kisha, mwezi wa kumi, siku moja ya joto, Nikunj akiwa ameondoka haraka bila kuchota, Taruben alichota mwenyewe mtungi mmoja, maji ya mvua, masafi, akauweka jikoni na kuufunika. Hakumwambia mtu. Rucha alirudi shule akihema, akatupa mkoba, akajimiminia gilasi hadi juu na kupiga funda kubwa.

Akaliacha mdomoni. Mashavu yamejaa. Macho yakamgeukia mama yake.

Alikwenda dirishani akatema.

"Yananuka dawa ya bomba," alisema, akijifuta midomo. "Mama, ni wewe uliyechota?"