Mtego wa Daktari Cécilia

Kila Jumamosi, baada ya kuteka maji, Louise alitakiwa kushuka mtoni na daftari. Huko alihesabu mbung'o walionaswa kwenye mtego wa kitambaa cha buluu, akaandika idadi yao. Kazi hiyo ilimchosha kupita kiasi. Yote yalitokana na Daktari Cécilia, mzaliwa wa Lusangi, aliyebuni mitego hiyo ili kupambana na malale, ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o. Shuleni Daktari Cécilia, kanisani Daktari Cécilia. Mtu alikufa kabla Louise hajazaliwa, lakini bado anamtuma!

Basi wiki tatu hakushuka. Alikaa jikoni, akaandika mbili, tatu, mbili.

Jumamosi ya nne muuguzi Hippolyte alikuja na pikipiki yake. Jumatatu timu ya kupima damu ingetoka Kasongo, nayo ilikuwa na dawa za kijiji kimoja tu.

"Huku mbung'o iko kidogo," alisema akisoma daftari. "Nitawaambia waende kijiji cha Wamaza."

Louise alimtazama mdogo wake Placide, ambaye siku hizi alisinzia hata chakula kikiwa mdomoni. Aliogopa kusema ukweli.

Mama akaleta bukari, ugali wao wa muhogo, iliyofunikwa kitambaa cha buluu. Hippolyte alikishika, akakigeuzageuza.

"Mama Louise, hii kitambaa ulitoa wapi?"

"Kule mutoni, papa. Ilikuwa inaning'inia bure, na iko kitambaa muzuri."

"Tangu lini?"

"Inapata mwezi sasa."

Hippolyte alijishika kichwa. "Mimi naomba vitambaa vya mitego mpaka Kindu, ninyi munafunika bukari. Na weye Louise, mutego haina kitambaa. Hizi mbung'o uliziona wapi?"

"Sikuenda, papa," Louise alisema kwa sauti ndogo. "Niliandika tu. Na Placide analala mchana kutwa."

Bukari ikapoa bila kuguswa. Mama, kwa aibu, alikishona kitambaa mahali pake mchana uleule. Kesho yake Louise alihesabu mbung'o thelathini na wanne, mmoja mmoja, na Hippolyte akapiga simu Kasongo. Timu ilikuja Lusangi. Placide alikutwa na malale, lakini mapema, akapewa vidonge vya siku kumi.

Placide alipomaliza kidonge cha mwisho, Hippolyte alimwonyesha Louise karatasi aliyoitunza ndani ya plastiki. Ilikuwa nakala ya daftari la Daktari Cécilia mwenyewe. Katikati ya safu ya hesabu aliandika: "Mvua. Sikwenda."

"Unaona? Daktari muzima hakuona haya kuandika hivyo," alisema Hippolyte, bado amekunja uso. "Ukiacha nafasi wazi, nitarudi kuuliza. Ukiandika uongo, nitauamini, na mutu atakufa."

Jumamosi iliyofuata mvua ilinyesha mpaka jioni, na mto ukafurika. Louise alifungua daftari. Chini ya hesabu ya mwisho akaandika: "Mvua. Sikwenda."