Java Kwenye Kompyuta ya Upasuaji

"Jaji yuko kwenye meza ya upasuaji," Mkuu wa idara ya usalama alisema kwenye simu. "Moyo wake mbovu. Wamechezea hesabu ya dawa ya usingizi. Akidungwa, haamki."

"Nani kachezea?"

"Tafuta."

Nyigu alishafika ghorofa ya tatu ya hospitali. Bastola ya Glock kiunoni, na juu yake koti la daktari la kuazima, limembana mpaka anapumua kwa zamu. Jaji ndiye anayesikiliza kesi ya wale wageni wa magendo ya silaha. Akifa leo, kesho wanapanda ndege.

Korido kimya. Kimya kibaya.

Akagusa kifaa cha sikioni. "Shemeji, upo?"

"Nipo." Shemeji yake ndiye fundi wa programu wa idara. "Hospitali inapiga hesabu za dozi kwa ile programu ya ofisi ya bure, ambayo msimbo wake uko wazi, yeyote anausoma. Mwili wake umeandikwa kwa lugha ya C++. Nimelinganisha, haujaguswa. Wangeugusa, dunia nzima ingewaona."

"Wamepita wapi sasa?"

"Wameipachika kiongezo. Cha Java, lugha nyingine ya programu. Ndicho kinachopandisha dozi."

"Sema kibinadamu, shem."

"Programu inafanya kazi bila Java. Hicho kiongezo hakiwezi. Na hospitali nzima haina Java, isipokuwa kompyuta moja. Imewekewa asubuhi hii, chumba cha upasuaji, kwa nenosiri la mtu wao wa kompyuta."

Nyigu akasukuma mlango kwa bega.

Kando ya jaji, daktari wa usingizi alikuwa anavuta dawa kwenye sindano, macho kwenye skrini. Nyuma yake, mtu wa kompyuta, anatabasamu.

"Karibu dokta. Natengeneza printa tu."

Chumba hakikuwa na printa.

"Shusha sindano," Nyigu alisema.

Mtu wa kompyuta akachomoa bastola. Akachelewa. Kiwiko kilimkuta shingoni, akaenda chini na kiti chake, pingu zikalia.

"Mipangilio," shemeji akanong'ona. "Ondoa tiki kwenye Java. Funga, fungua upya."

Nyigu akafanya hivyo. Namba ya dozi ikashuka nusu.

Daktari wa usingizi akaitazama sindano yake, akaiweka kwenye trei kama inaungua.

"Lugha ya Python ilikuwa humo humo, imekuja na programu," Nyigu alimwambia aliye sakafuni, akirudia maneno ya shemeji sikioni. "Usingehitaji kuweka kitu. Tusingekuona."

"Siijui Python."

"Utapata muda wa kusoma."

Akavua koti, akalitundika mlangoni, akaenda zake na mtu wake wa pingu.